Godauni la mzee Kyela, tubomoe au tupige saruji?

SWALI: Shikamoo kaka. Mzee wetu katuachia godauni la zamani la matofali ya kuchoma huku Kyela, karibu na ziwa, enzi hizo lilikuwa la mpunga. Tunataka upande mmoja uwe ukumbi, mwingine tuhifadhi kakao. Shida plasta inabanduka kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, fundi anasema tupige saruji nzito au tubomoe kabisa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, na poleni na msiba. Msibomoe, na hiyo saruji nawaomba sana muiache. Tofali za kuta za namna hiyo mara nyingi ziliungwa kwa udongo au chokaa, unyevu unapanda kutoka chini unatokea ukutani unakauka wenyewe, sasa ukiziba na saruji unyevu unakosa pa kutokea, unazidi kupanda, chumvi inatafuna tofali na siku plasta ikidondoka inaondoka na tofali lenyewe. Na mvua za Kyela mnazijua.

Anzeni nje. Wekeni gata, chimbeni mfereji, ondoeni udongo wote uliorundikana ukutani mpaka ardhi ya nje iwe chini kuliko sakafu. Bandueni plasta mbovu, ukuta ukae wazi kiangazi chote, ndo mpige plasta ya chokaa, Songwe hapo ipo.

Kuhusu kuligeuza kuwa ukumbi, Liverpool kule Uingereza kuna maghala ya Albert Dock, yalifunguliwa 1846, tofali, mawe na chuma tupu, mbao hawakutumia kwa kuogopa moto. Gati hilo likafungwa 1972, yakachakaa vibaya na kuna waliotaka yavunjwe, lakini 1988 watu wakarudi, ndani kukawekwa jumba la sanaa, maduka, migahawa. Nguzo za chuma wameziacha zionekane, na hilo ndo napenda muige: milango mikubwa ya kupakulia iwe ndo mlango wa ukumbi, kenchi za paa zikiwa nzima msizifiche na jipsamu. Kwetu huku nendeni mkaone Boma la Iringa, jengo la Wajerumani, tangu 2016 ni makumbusho.

Ila kakao na ukumbi pamoja hapana! Kakao inashika harufu, moshi wa nyama choma ukiingia mzigo umeharibika. Jengeni ukuta katikati mpaka kwenye bati, na jiko likae nje kabisa.

Kibali cha kubadili matumizi ombeni halmashauri kabla fundi hajashika nyundo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu, kwa hiyo godauni kama lenu, kama halijatangazwa rasmi, mlinzi wake ni nyie wenyewe.