Kikohozi Kimepoa, Fahamu Zimevurugika

Swali: Mwanangu alikohoa, akapata nafuu, na siku kumi baadaye akaanza kuropoka na kupata degedege. Daktari anataja mikoplazma. Maradhi ya mapafu yanafikaje kichwani?

Jibu: Si lazima bakteria wenyewe wafike huko. Utando wa mikoplazma, bakteria wanaosababisha nimonia hasa kwa watoto wa umri wa kwenda shule na vijana, una mafuta yenye sukari yanayofanana na galaktoserebrosaidi, kijenzi cha ala inayofunika nyuzi za neva, na kwa hiyo kingamwili zilizoundwa kumkabili mgeni huweza kumgeukia mwenyeji. Dalili za ubongo zikichelewa zaidi ya wiki moja baada ya homa, kinga ndiyo hushukiwa kwanza. Zikianza mapema, huulizwa kama bakteria wenyewe wamepenya. Wala si neva pekee zinazofananishwa hivyo. Wapo wagonjwa ambao damu yao, ikiwekwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda na kuzamishwa katika barafu, hufanya punje punje kwenye kioo, kwa kuwa kingamwili za baridi, yaani zinazofanya kazi penye ubaridi, zimezishikamanisha chembe nyekundu. Kichupa kikifumbatwa kiganjani kikapata joto, punje hutoweka.

Swali: Kipimo cha IgM, kingamwili za mwanzo za maambukizi, kimetoka chanya. Si jibu limepatikana?

Jibu: Swali hili naletewa kila mara, na kila mara pamoja na picha ya karatasi moja ya maabara bila hata tarehe ya kikohozi. IgM huweza kubaki katika damu kwa miezi kadhaa, na mikoplazma hupatikana hata kooni mwa watoto wasio na ugonjwa wowote. Chenye uzito ni sampuli mbili za damu zilizopishana wiki mbili hadi nne, ya pili ikionyesha kingamwili zimepanda angalau mara nne, pamoja na uchunguzi wa maji ya uti wa mgongo. Ninachokiogopa zaidi ni daktari kuridhika na karatasi hiyo akaacha kutafuta virusi vya herpesi, ambavyo dawa yake, asikloviri, huanzwa bila kusubiri majibu, au kingamwili dhidi ya vipokezi vya NMDA vilivyo kwenye seli za ubongo, zilizoelezwa na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007.

Swali: Nimpe amoksilini?

Jibu: Hapana. Dawa hiyo hushambulia ukuta wa seli, na mikoplazma hawana ukuta.

Swali: Kwa nini ndugu yangu amepewa steroidi badala ya antibayotiki?

Jibu: Mara nyingi hutolewa vyote viwili. Azithromisini huwamudu bakteria wa mapafuni lakini huingia kidogo mno katika maji yanayozunguka ubongo, na hata ingeingia isingeziondoa kingamwili zilizokwisha kuundwa. Kazi hiyo huachiwa steroidi, ambazo hutuliza kinga, imunoglobulini ya mshipani (kingamwili za watu wengine) au kubadilishwa kwa plazma, yaani majimaji ya damu. Ushahidi wa matibabu haya umetokana zaidi na taarifa za wagonjwa mmoja mmoja kuliko majaribio makubwa, kwa hiyo anayekuahidi kupona kwa hakika anakudanganya. Hukuuliza, lakini nitasema: asiache vidonge vya steroidi ghafla kwa sababu tu ameanza kuongea vizuri.

Swali: Ugonjwa huu unaambukiza?

Jibu: Kikohozi ndiyo, kwa matone; uvimbe wa ubongo, hapana. Anayeanza kukohoa nyumbani wiki ya tatu baada ya mgonjwa bado huenda aliambukizwa naye.