Hapana dada, havikufunguliwa siku moja

Unauliza kama hali ya dharura ya korona hapa Kongo (DRC) ilipoisha 2020 kila kitu kilifunguliwa pamoja. Hapana. Maduka, baa, restora na usafiri vilianza tarehe 22 mwezi wa saba. Shule zilipangiwa tarehe 3 mwezi wa nane, tena kwa wanafunzi wa madarasa ya mwisho kwanza. Makanisa na mipaka tarehe 15 mwezi huohuo. Lakini mpaka una wenyewe wawili! Kwetu Goma, mama muuza nyanya alifika Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda, na beseni kichwani, akarudi nalo: Rwanda ilikuwa bado imefunga. Kunawa mikono hakukutusumbua, ndoo za klorini tulizijua tangu Ebola ya 2019. Barakoa ndiyo ilikaa kidevuni.