Mafuta kwanza, saini baadaye

Nimekufahamu, ndugu yangu: tajiri wenu amekubali kuwaongezea nyinyi madereva malipo kwa kila kifurushi mnachopeleka, mafuta mnajaza wenyewe, na anataka mwakilishi wa chama chenu atie saini kabla ya Ijumaa. Asitie.

Nami nilibeba vifurushi miaka sita, kutoka boti za Malindi hapa Unguja hadi Makunduchi. Tulipopata nyongeza ya mwanzo tulifurahi kama watoto wa sikukuu; mwezi wa pili yote ikaishia kwenye petroli na pancha. Kwa hivyo wiki hii kila dereva aandike daftarini: safari, kilomita, lita, na mizigo iliyorudi kwa sababu mteja hakupokea simu. (Hiyo ya kurudi msiisahau, ndiyo iliyokuwa ikitula sisi.) Maneno matupu tajiri atayapinda, hesabu ya siku kwa siku itamkalia vigumu.

Tazameni pia mikataba yenu. Mkiwa mmeandikwa "wakala" badala ya mfanyakazi, anzeni na hilo.

Atakayewatuma CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi ya Bara, msimsikilize. Zanzibar tuna sheria zetu: ya Ajira namba 11 na ya Mahusiano Kazini namba 1, zote za 2005. Ombeni ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar, wawape mtu mzoefu wa kukaa nanyi. Mkikwama kabisa, nendeni Kamisheni ya Kazi.

Mgomo msiuanze kwa hasira za maskani. Una taratibu zake, na mkizikosea kazi inaweza kuondoka. Kabla ya hapo muoneni wakili.