Raúl amefeli Castilla?

SWALI: Mzee wa safu, shikamoo. Nilianza kuipenda Real Madrid kwa sababu ya Raúl. Mtu aliyeifungia klabu ile mabao 323, anakaaje miaka sita akifundisha Castilla daraja la tatu, tangu 2019, halafu anaondoka 2025 bila kupandisha timu? Si amefeli huyu?

JIBU: Marahaba. Nianze kwa kukiri kwamba jezi yake namba 7 ilinipofusha mimi pia, kwa hiyo maneno yangu yapunguze chumvi kidogo. Lakini hilo la kufeli silipokei.

Castilla ni timu B ya Real Madrid, yaani kikosi chake cha pili. Kanuni za Hispania haziruhusu timu B kucheza ligi moja na timu mama, hivyo mwisho wa safari yake ni Segunda, daraja la pili. Hata itwae ubingwa huko, haipandi. Isitoshe, straika wako akianza kuzifumania nyavu, timu kubwa inamwita, wewe unabaki kupanga kikosi upya. Kocha gani anatamba hivyo?

Na alikaribia! Mchujo wa kupanda daraja, Juni 2023, Barça Atlètic, timu B ya Barcelona chini ya kocha Rafa Márquez, iliwachapa 4-2 mechi ya kwanza. Nikasema basi, kwisha habari. Marudiano pale Alfredo Di Stéfano, uwanja mdogo wa Valdebebas, Castilla wakapiga tatu bila. Niliruka kitini, na umri huu! Fainali Eldense wakawatoa. Iliniuma, siwezi kukuficha.

Kombe analo: Ligi ya Vijana ya UEFA, 2020, Benfica walipigwa 3-2.

Ila kinachonichekesha ni hiki. Yeye mwenyewe Castilla karibu aliiruka. Oktoba 1994, akiwa na miaka 17, Valdano, kocha wa Madrid, alimtoa timu C akamchezesha moja kwa moja timu kubwa, ugenini Zaragoza. Alikosa mabao ya wazi hadi aibu, Madrid wakalala 3-2. Wiki iliyofuata akapangwa tena, dhidi ya Atlético, akafunga.

Sasa mtazame straika Gonzalo García. Kiangazi kilekile Raúl anafungasha virago, kijana anaitwa timu kubwa kucheza Kombe la Dunia la Klabu, anafunga mabao manne. Msimu mzima kabla ya hapo alikuwa akifunga daraja la tatu, kocha wake Raúl.