Lenzi ya makro siiwezi, nitampigaje kiwavi picha ya karibu?

SWALI: Shikamoo. Nasoma kilimo hapa Morogoro. Nina Canon EOS 700D niliyoinunua kwa mtu, pamoja na lenzi yake ya 18-55 STM. Nataka kupiga picha za viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, zile alama za kuwatambulisha zionekane wazi, lakini nikisogea karibu kamera inagoma kufokasi. Bei ya lenzi ya makro siiwezi. Nimeona watu wanaigeuza lenzi nyuma mbele. Je, inafaa, au nitaharibu kamera?

JIBU: Marahaba. Kuigeuza hakuharibu kamera, ila kwa lenzi hiyo yako sikushauri. Tundu lake la kupitishia mwanga linafunguka na kufunga kwa umeme unaotoka kwenye kamera. Ukiigeuza, mawasiliano yanakatika, tundu linabaki wazi lote, na utapata picha ambayo jicho la kiwavi linaonekana na mwili wote uliobaki ni ukungu. Kuna ujanja: weka f/8 (namba ya tundu, ikiwa kubwa tundu ni dogo), bonyeza na ushikilie kitufe cha kuonea kina cha fokasi, kisha uchomoe lenzi kamera ikiwa imewaka. Tundu litabaki limebana. Nimeufanya sana huo, na kila safari nilikuwa naacha kamera wazi katikati ya vumbi. Ringi ya kugeuzia haizidi bei ya kuku wa kienyeji, lakini inakwenda vizuri zaidi na lenzi kuukuu za zamani, zile unazozungusha tundu kwa mkono.

Kabla hujatoa hela, jiulize unahitaji ukubwa gani hasa. Kiwavi aliyekomaa ana urefu wa sentimita 3 hadi 4. Sensa ya 700D, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ina upana wa milimita 22.3. Maana yake, kwa ukubwa halisi (1:1), yaani picha kwenye sensa ikilingana na kitu chenyewe, kiwavi mzima hata haenei kwenye picha! Lenzi yako ikiwa kwenye 55 na umesogea hadi mwisho wake, tayari inafikia kama theluthi ya ukubwa halisi, na hapo kiwavi mzima anaingia na nafasi inabaki. Mwisho wenyewe ni sentimita 25, na zinapimwa kutoka kwenye sensa nyuma ya kamera, si kutoka kwenye kioo cha lenzi. Huenda inagoma kwa sababu umepita hapo.

Kinachokushinda basi ni zile alama: Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne yaliyokaa kama mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho. Kwa hizo, nunua mirija ya kurefushia lenzi, ile inayokaa kati ya lenzi na mwili wa kamera. Ndani hamna kioo chochote, ni uwazi mtupu, kwa hiyo ya bei ndogo haina kioo kibaya cha kukuharibia picha. Seti nyingi huwa na vipande vya milimita 12, 20 na 36. Gawanya urefu wa mrija kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani ile 55: 36 kwa 55 ni 0.65. Jumlisha na ile theluthi, umefika ukubwa halisi. Ila chagua yenye pini za umeme, hata kama muuzaji anakusifia isiyo nazo kwa nusu bei. Bila pini unarudi kwenye tatizo lile lile la tundu. Na usiutumie mrija wa 36 lenzi ikiwa kwenye 18, maana sehemu ya kufokasi itaangukia ndani ya lenzi yenyewe.

Vile vioo vya kukuza vinavyofungwa kwenye hesi za mbele (yako ni milimita 58) vinafaa zaidi kwa lenzi ndefu. Cha nguvu ya +4 kwenye lenzi ya milimita 200 kinakupa 0.8, kwenye 55 yako kinaongeza kama 0.2 tu. Achana navyo kwa sasa.

Sasa mwanga, na hapa ndipo wengi wanapokwama baada ya kununua kila kitu. Kwa ukubwa halisi, f/8 yako inapitisha mwanga kama f/16, na sehemu kali ya picha ina unene wa kama nusu milimita. Usikimbilie f/22, picha nzima italegea. Washa flashi ya kamera, weka M (unapanga mwenyewe), kasi 1/200, f/8, ISO 200. Lakini kiwavi yuko sentimita chache mbele ya kioo, kwa hiyo lenzi itamwangushia kivuli. Kata dumu jeupe la maziwa, litoboe tundu la kupitisha lenzi, ulivalishe ili plastiki ikinge mwanga wa flashi na kuusambaza juu ya jani. Zima fokasi ya kamera yenyewe (AF). Yumba mbele na nyuma taratibu, bonyeza pale madoa yanapokaza. Piga 20 upate 2.

Nenda alfajiri, kiwavi akiwa bado mzito kwa baridi. Akiwa amejichimbia kwenye moyo wa mmea, mtoe umlaze kwenye jani, mgongo juu, ulinganishe sensa na mgongo wake ili pingili ya madoa yote manne iingie ndani ya ile nusu milimita.