Upepo wa radi una hesabu yake: kwa wahandisi wanaoanza

Kanuni nyingi za mzigo wa upepo utakazokabidhiwa kazini zimejengwa juu ya upepo unaovuma saa nyingi, kasi ikipanda kadiri unavyokwenda juu. Dhoruba ya radi haijui hayo. Hewa iliyopozwa na mvua hushuka kwa kishindo, ikigonga ardhi hutawanyika pande zote, na kasi yake kubwa kabisa mara nyingi hutokea chini ya kimo cha mita 100 kutoka ardhini. Ukipita hapo inapungua. Mtaalamu wa hali ya hewa Tetsuya Fujita ndiye aliyeutambua mshuko huu alipochunguza ajali ya ndege ya mwaka 1975 jijini New York. Kwa hiyo usidhani ghorofa refu ndilo lenye shida. Wa kuhofiwa zaidi ni mabohari, nyumba za chini na minara ya umeme.

Minara ina balaa lake. Dhoruba inaweza kuwa nyembamba kiasi cha kulemea nyaya za upande mmoja wa mnara na kuacha za upande wa pili karibu shwari. Mvuto usiolingana ukauvuta mnara kufuata njia ya nyaya, mahali ambapo wengi hawakuuimarisha. Usikokotoe upepo wa kukata njia ya nyaya peke yake.

Kwenye takwimu, tenganisha dhoruba za radi na pepo nyingine kabla ya kukadiria kasi ya miaka 50 au 500, yaani ile inayotarajiwa kufikiwa kwa wastani mara moja katika miaka hiyo. Ukizichanganya, mkia wa mchoro, yaani sehemu ya kasi kubwa zilizo adimu, unadanganya. Wastani wa dakika 10 nao humeza kilele kilichodumu dakika moja au mbili. Omba rekodi za wastani wa sekunde 3.

Shinikizo hufuata mraba wa kasi: mita 30 kwa sekunde ni takriban paskali 550, mita 42 ni karibu 1,080. Mlango mkubwa ukifunguka upande wa upepo, paa husukumwa kutoka ndani huku likifyonzwa kutoka nje, hasa kwenye pembe na kingo. Mimi huanza na viungo, kisha ndiyo boriti.

Ukitumwa kukagua uharibifu, wahi kabla ya mafundi kusafisha. Piga picha za uelekeo wa miti na mabati yaliyolala: yakitawanyika kama feni, ni mshuko, yakizunguka na kuelekea katikati, fikiria kimbunga cha mzunguko (tornado). Halafu angalia misumari. Iliyong'oka mizima na iliyobaki kwenye mbao huku bati limechanika kuizunguka zinadai marekebisho tofauti.