Sentensi za masharti za Kiingereza: kabla hujakariri jedwali

Wengi mnaoanza somo hili mnapewa jedwali la aina nne, kuanzia ya sifuri hadi ya tatu. Mnalikariri, mnajaza nafasi zilizoachwa wazi, mnapata zote. Mkiambiwa muongee, mnakwama. Si ajabu, maana zoezi lilishawafanyia kazi ngumu: juu ya ukurasa pameandikwa "aina ya pili", kwa hiyo kilichobaki ni kunyambua vitenzi tu. Kwenye maongezi hakuna wa kukuandikia hivyo.

Kabla ya kugusa kitenzi, jiulize: jambo hili bado linawezekana, ni la kufikirika tu, au limeshapita? Kisha chukua tukio moja ulipitishe kote kutatu. Mtihani ni kesho na rafiki yako huenda akasoma usiku: "If she studies, she will pass." Unamjua, kusoma si desturi yake: "If she studied, she would pass." Matokeo yametoka, ameanguka: "If she had studied, she would have passed." Mtu ni yule yule na mtihani ule ule, ila wewe msemaji unaliona jambo kwa jicho jingine. Fanya matukio machache ya namna hii kila siku, tena kwa sauti. Binafsi naona yanazidi kurasa nzima za kujaza nafasi.

Aina ya sifuri, ile ya mambo ambayo ni kweli siku zote, haina maneno mengi: "If you heat ice, it melts." Tuendelee.

Kazi ipo kwenye aina ya pili, ile ya mambo ya kufikirika tu, na lugha yetu inachangia. Sisi -nge- tunaipachika pande zote mbili: "Ningekuwa na muda, ningekusaidia." Ulimi uliozoea hivyo hutoa "If I would have time, I would help you." Nikisahihisha kazi za wanaoanza, hili ndilo ninalolitafuta kwanza. Kwa maana hii, Kiingereza sanifu hakiweki "would" upande wa "if", huko hukaa kitenzi cha wakati uliopita: "If I had time, I would help you." Hiyo "had" wala haizungumzii jana. Umbo la wakati uliopita limeazimwa kuonyesha kwamba jambo liko mbali na hali halisi, ndiyo maana "If I had time tomorrow" ni sahihi kabisa. Kwenye "If I were you" utasikia watu wakisema "was" pia, lakini kwenye mtihani mimi nisingethubutu.

Mtego mwingine ni -ngali-. Darasani tunafundishwa kwamba ni ya yaliyopita, ila kwenye maongezi wengi tunasema "Ungeniambia jana, ningekuja," na tunaelewana. Kiingereza hakikubali mkato huo: "If you had told me yesterday, I would have come." Angalia tu matokeo yako wapi. Kama sababu ni ya jana na matokeo ni ya sasa, pande mbili hazitalingana: "If I had slept early, I wouldn't be tired now." Sentensi hiyo haimo kwenye jedwali la wanaoanza, lakini watu wanaisema kila siku.

Masikio nayo yanahitaji mazoezi. Katika "If I'd known, I'd have called," ile 'd ya kwanza ni "had", ya pili ni "would". Tazama kinachofuata: "known" ni umbo la tatu la kitenzi, kwa hiyo ni "had", "have" ni umbo la msingi, kwa hiyo ni "would". Na "would've" ikitamkwa haraka husikika kama "would of". Usiiandike hivyo, hata ukiona wenye lugha yao wanafanya.

Kuhusu "unless", kumbuka ukanushi umo ndani yake tayari. "Usipofanya haraka, utachelewa" ni "Unless you hurry, you'll be late." Ukiongeza "don't" hapo, unamwambia mtu kwamba akiharakisha ndiyo atachelewa.